Damu ya pua haikomi kwa kutazama juu

Miongoni mwa amri zinazotolewa kila siku katika shule zetu, iko moja ambayo haikuandikwa katika mtaala wowote, haitahiniwi, wala hakuna mkaguzi aliyewahi kuiulizia, ilhali karibu kila mwalimu na kila mwanafunzi anaijua kwa moyo. Mtoto akianza kutokwa na damu puani, iwe darasani, uwanjani au kwenye gwaride la asubuhi, sauti kumi humpigia kelele kwa pamoja: "Inua kichwa! Tazama juu!" Mtoto hutii. Hurudisha kichwa nyuma, pengine akamwagiwa na maji baridi utosini, na baada ya muda mfupi hapaonekani tena tone linaloanguka. Wote huridhika kwamba damu imekata, na somo huendelea.

Amri hiyo hutolewa kwa nia njema kabisa. Hata hivyo ni amri ya makosa, na wakati umewadia tuiondoe vinywani mwetu.

Huenda msomaji akauliza mhadhiri wa isimu anatafuta nini katika mambo ya waganga. Jibu langu ni kwamba kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la tiba. Huduma ya kwanza shuleni, aghalabu, haifanywi kwa dawa wala kwa vyombo. Hufanywa kwa sentensi. Aliye karibu husema neno, na aliyeumia hutenda kama alivyoambiwa. Sentensi ikiwa sawa, mkono hufuata yaliyo sawa. Sentensi ikiwa mbovu, mkono mwema hufanya ubaya. Na sentensi, kama ilivyo kwa lugha yote, hurithiwa. Mwanafunzi huipokea kwa mwalimu, akawa mwalimu yeye mwenyewe, akaipokeza kizazi kinachofuata pasipo kuihoji. Ndiyo maana neno hili nawaelekezea kwanza walimu na wanafunzi, na hasa wale wa Migori na Homa Bay, katika eneo lililokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, ambako, kama nitakavyoonyesha, kosa hili dogo lina uzito zaidi kuliko linavyodhaniwa.

Tuanze na pua yenyewe. Ndani ya pua mna ukuta mwembamba unaozitenga tundu mbili. Katika sehemu ya mbele ya ukuta huo, karibu sana na mlango wa pua, mishipa midogo ya damu kutoka njia mbalimbali hukutana na kusukana kama wavu, chini ya ngozi laini sana. Mpasuaji Mmarekani James Lawrence Little aliieleza sehemu hiyo mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach akaieleza tena mwaka 1884. Hadi leo madaktari huiita kwa majina yao. Zaidi ya asilimia 90 ya damu zote zitokazo puani huanzia hapo mbele. Chache zilizobaki huanzia nyuma, ndani zaidi, na hizo ndizo kali na ngumu kuzizuia, na huwapata zaidi watu wazima waliokwisha kuwa na umri.

Maana ya habari hii ni njema. Damu nyingi za pua hutoka mahali ambapo kidole kinafika. Hazihitaji sindano wala dawa ya dukani. Zinahitaji kubanwa tu, kama vile mtu anavyolibana jeraha la mkononi. Lakini ili zibanwe ni lazima tujue ni wapi pa kubana, na hapo ndipo lugha inapotuponza.

Neno letu "pua" ni neno moja lenye nyumba mbili. Mwanafunzi anayesoma makala haya na aweke kidole kati ya macho yake, kisha akitelemshe taratibu. Kwanza atahisi mfupa mgumu. Huo ndio mwamba wa pua. Akiendelea kushuka, mfupa utakwisha, na kidole kitaanza kuzama katika sehemu laini inayolegea hadi kwenye ncha. Zote mbili tunaziita pua. Mtu akiambiwa "bana pua" bila maelezo zaidi, mara nyingi hushika mwamba, pale juu penye mfupa, akabana kwa nguvu zake zote. Mfupa haubaniki. Ule wavu wa mishipa uko chini, ndani ya sehemu laini, na damu huendelea kutoka kana kwamba hakuna aliyeugusa. Kwa hiyo amri kamili haina budi kutaja mahali: bana sehemu laini, chini ya mfupa.

Sasa turejee kwenye kuinua kichwa. Kwa nini watu wengi wenye akili timamu huamini kwamba kunasaidia? Kwa sababu jicho huona matone yamekoma. Lakini damu isiyoonekana si damu iliyokoma. Kichwa kikirudishwa nyuma, damu hugeuza njia tu: badala ya kutiririka mbele hutiririka koromeoni, mtoto akaimeza au ikamkaba. Nasi husema "imekata", tukitumia kitenzi cha kukoma kwa kitu kilichofichika. Ni kosa la maana, na kosa hilo la maana huzaa madhara ya mwili. Damu nyingi tumboni huleta kichefuchefu na matapishi. Ikiingia katika njia ya hewa huleta kikohozi na kupaliwa. Isitoshe, hakuna tena anayejua ni kiasi gani kimepotea.

Historia inao mfano wa kutisha. Kwa mujibu wa Jordanes, mwandishi wa karne ya 6 aliyetegemea habari za Priscus, Attila mfalme wa Wahuni, aliyezitia hofu dola za Ulaya, alifariki mwaka 453 usiku wa arusi yake. Hakuuawa kwa upanga. Alikuwa amelala chali kwa ulevi, damu ikamtoka puani, na kwa kuwa alikuwa amelala hivyo, ikateremka kooni ikamsonga. Hatuna haja ya kuwatisha watoto kwa kisa hicho, kwani mtoto aliye macho hukohoa na kujiokoa. Lakini kisa kinatosha kutuonya kwamba njia ya nyuma si njia ya salama, na kwamba anayetokwa na damu puani hafai kulazwa chali.

Katika nchi ya kando ya ziwa liko jambo jingine la kuzingatia. Huko Mbita, Rusinga na fukwe nyinginezo, kichocho cha matumbo ni maradhi ya siku nyingi. Maradhi hayo yakikaa mwilini miaka mingi bila tiba huweza kuliharibu ini na kumfanya mtu atapike damu, na hiyo ni hatari kubwa inayomtaka daktari mara moja. Mtoto aliyeimeza damu ya pua kisha akaitapika mbele ya tabibu wa zahanati huleta dalili inayofanana na hiyo. Tabibu atababaika, wazazi watafadhaika, na safari ndefu ya hospitali itaanza kwa ajili ya damu ambayo ingezuiwa kwa vidole viwili. Basi mwenye kumpeleka mtoto kama huyo na aseme waziwazi kwamba damu ilianzia puani.

Njia iliyo sawa ni hii. Mgonjwa na aketi, asilale. Ainamishe mwili na kichwa mbele kidogo, kama anayesoma kitabu kilicho mapajani. Abane sehemu laini ya pua kwa kidole gumba na cha shahada, pande zote mbili, na apumue kwa mdomo. Damu iliyofika kinywani aiteme, asiimeze. Aendelee kubana kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachilia. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Mtu hubana dakika moja, akaachilia ili kuchungulia kama damu imekoma, na kwa kuchungulia huko huliondoa donge changa la damu lililokuwa limeanza kuziba mshipa, ikabidi kazi ianze upya. Aliye na saa na atazame saa. Asiye nayo na ahesabu. Barafu au kitambaa chenye maji baridi kikiwekwa juu ya pua si vibaya, lakini hakichukui nafasi ya kubana. Wala haifai kusokota karatasi, majani au pamba na kuvisukuma ndani, kwa kuwa vikitolewa huibandua ngozi na kuifungulia damu tena.

Damu ikisha kukoma, mtoto asipenge kamasi kwa nguvu wala kuchokoa pua, asirudi mpirani siku hiyo, na asibebe mzigo mzito. Akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, asipewe aspirini, kwa sababu dawa hiyo huifanya damu iwe nzito kuganda, parasetamoli inatosha.

Nije sasa kwenye jambo ambalo hatulisemi kwa sauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, karibu 20 katika kila 100 katika Homa Bay walikuwa wanaishi na virusi vya Ukimwi, na 13 katika kila 100 katika Migori, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa takriban 5. Jamii iliyopitia msiba huo imejifunza kuiogopa damu ya mwenziwe, na haifai kulaumiwa. Lakini hofu hiyo huzaa matokeo mawili ya kusikitisha. La kwanza ni kwamba mtoto anayetokwa na damu huachwa peke yake, wenzake wakamkimbia, mwalimu akasimama mbali asijue la kufanya. La pili ni mnong'ono unaomfuata baadaye: huyu ana nini? Na tusemeje juu ya yatima aliyekwisha kuandamwa na minong'ono ya aina hiyo tangu utotoni?

Kwa mnong'ono huo jibu ni fupi. Kutokwa na damu puani si dalili ya kumtambulisha mtu kuwa ana virusi vya Ukimwi. Ni jambo la kawaida sana. Inakadiriwa kwamba watu 60 katika kila 100 hupatwa nalo angalau mara moja maishani, na watoto wa kati ya miaka 2 na 10 ndio hulipata zaidi, pamoja na wazee. Na kwa hofu ya kugusa damu, njia iliyo sawa inayo tiba yake ndani yake: mtoto wa shule hujibana pua mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu hana haja ya kuigusa hata tone. Anachotakiwa kutoa ni sauti tulivu, kiti, kitambaa safi na saa. Akilazimika kumshika mtoto mdogo asiyeweza kujibana, na avae glavu. Zisipokuwapo, mfuko safi wa plastiki usio na tundu unafaa kuliko mkono mtupu. Damu iliyomwagika sakafuni ifutwe kwa maji yenye dawa ya klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kwa hiyo yule anayesimama mbali kwa hofu na yule anayetaka kusaidia wanaweza kuwa mtu mmoja, mradi ajue la kusema.

Yaweza kuulizwa: iwapo amri ya kuinua kichwa ni mbovu, mbona wazazi na walimu wetu waliitumia na damu ikakoma? Ni swali la haki. Damu nyingi za pua hukoma zenyewe baada ya dakika chache, umwagie maji usimwagie, uinue kichwa usiinue. Jambo linalotokea lenyewe humpa sifa yule aliyekuwapo. Jogoo huwika na kukapambazuka, lakini si jogoo aletaye mchana. Kipimo cha ushauri ni siku ile damu inapokataa kukoma yenyewe, na siku hiyo kuinua kichwa hakumfai mgonjwa hata kidogo. Wapo pia wasemao kwamba damu hiyo ni chafu au imezidi mwilini, kwa hiyo iachwe itoke. Mwili hauna damu ya ziada ya kumwaga, sembuse mwili wa mtoto wa pwani ya ziwa ambaye malaria imekwisha kuipunguza damu yake mara kadhaa.

Kinga ni bora kuliko tiba, nayo kinga ya maradhi haya hutegemea mahali mtu anapoishi. Januari na Februari jua huwa kali na hewa kavu, na ngozi ya ndani ya pua hukauka na kupasuka kama udongo wa shamba. Vumbi la barabara za murami humfuata mwanafunzi hadi darasani. Kule Nyatike na Macalder, wachimbaji wadogo wa dhahabu huponda mawe na kupumua unga wake, na si ajabu kumkuta kijana wa umri wa shule miongoni mwao siku za likizo. Kuna moshi wa jikoni, moshi wa kukaushia samaki, na moshi wa kukaushia tumbaku katika sehemu za Migori na Kuria. Juu ya hayo yote kuna mafua, mpira unaompiga mtu usoni, na kile kidole cha mtoto kinachochokoa pua, ambacho ndicho mshitakiwa mkuu. Basi watoto wakatwe kucha. Waandamwao na tatizo hili wapakwe mafuta mepesi ya vaselini mlangoni mwa pua usiku, ili ngozi isikauke. Sakafu ya darasa la udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Anayefanya kazi ya vumbi na afunge kitambaa puani. Mtoto mdogo naye aonywe asiingize punje ya mahindi au haragwe puani, kwani kitu hicho huvimba, kikanuka na kutoa damu upande mmoja. Na kwa wanaokunywa maji ya kijito kwa kuinama na kuweka kinywa, wajue kwamba ruba huweza kupenya hadi puani na kukaa humo akifyonza.

Hata hivyo, si kila damu ya pua ni ya kumalizwa shuleni. Ikiwa imebanwa sawasawa kwa muda wa nusu saa na haijakoma, mgonjwa apelekwe hospitali, na akiwa njiani aendelee kuinama na kubana. Asisubiriwe hata kidogo aliyeanza kutoka damu baada ya kugongwa kichwani au kuanguka, anayezimia, anayepumua kwa shida, au ambaye damu inamtiririka kooni ingawa ameinama. Mwenye homa pamoja na damu puani apimwe malaria na maradhi mengine, asitibiwe pua peke yake. Mtu mzima apimwe shinikizo la damu. Mtoto anayevuja damu kwa muda mrefu kila akijikata, akivimba viungo, huenda ana himofilia, na anahitaji uchunguzi. Nao walimu wa shule za upili wamwangalie kwa makini mvulana anayetokwa na damu mara kwa mara upande ule ule mmoja, huku upande huo umeziba: huenda ana uvimbe ndani ya pua, nao hutibika ukigunduliwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nimalizie kwa lugha, ambayo ndiyo shamba langu. Kiswahili kina neno "muhina" kwa damu itokayo puani, ingawa wengi wetu siku hizi husema tu "kutokwa na damu puani". Mjaluo husema "remo" kwa damu na "um" kwa pua. Hatukosi maneno. Tunachokosa ni amri iliyo sawa, fupi, inayokaa ulimini kama ile ya zamani ilivyokaa. Napendekeza iwe hii: "Inama mbele, bana palaini, hesabu dakika kumi." Mwalimu wa chekechea aweza kuisema kwa Kijaluo, "Kul wiyi, mak umi", yaani inamisha kichwa, shika pua yako, akimwonyesha mtoto mahali palipo laini, naye mwalimu wa Kuria atunge yake kwa Kikuria. Mwalimu wa Kiswahili aifanye mfano wa somo la hali ya kuamuru, maana vitenzi vyake vitatu vyote viko katika hali hiyo. Mwalimu wa michezo aiseme kabla ya kipenga. Iandikwe ukutani karibu na sanduku la huduma ya kwanza, na pasipo na sanduku iandikwe vilevile, kwa kuwa haihitaji sanduku.

Walimu wenzangu, kuiondoa desturi kwa kuikemea ni kazi ngumu. Ni rahisi zaidi kuipa desturi nyingine mahali pake. Siku mtoto atakapotokwa na damu katika shule ya Kendu Bay, Rongo au Kehancha, na sauti kumi zikamwambia kwa pamoja "Inama!", hapo tutajua kwamba sentensi mpya imeshika mizizi.